Mafuta ya epoksi kwenye karakana ya PVC: pipa linafaa, ila si kwa kazi anayoisema muuzaji

Mafuta tunayoyapima hapa ni ya soya yaliyogeuzwa kikemia, yale ambayo makaratasi ya mzigo huyaandika ESBO. Huja kwa pipa la kilo 200. Karakana ndogo za Dodoma zinazotengeneza mipira ya kumwagilia, kandambili na maganda ya nyaya zinaweza kuuziwa kwa dumu la lita 20 lililomiminwa kutoka kwenye pipa. Ni kimiminika kizito, manjano hafifu, chenye harufu ndogo ya mafuta ya kupikia. Jina la epoksi lisikuchanganye na gundi: haya hayana kigumushi wala hayagandi kama gundi kwenye ndoo.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: nunua, tia kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za unga wa PVC, na usimsikilize anayekwambia uache kabisa DOP au DOTP, vilainishi vikuu vya PVC, uweke haya peke yake. Hasara kubwa ya bidhaa hii iko kwenye ushauri huo.

Kazi yake hasa

PVC ikiwa ndani ya mashine, kwenye nyuzi joto 150 hadi 170, huanza kuachia gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ni asidi. Gesi hiyo haiondoki kimya kimya. Inachochea mnyororo uliobaki uachie nyingine, na nyingine tena, ndiyo maana plastiki hugeuka manjano, ikawa kahawia, kisha nyeusi kwa muda mfupi. Mafuta ya epoksi yana pete ndogo za oksijeni kwenye minyororo yake, na kila pete ikifunguka hudaka molekuli moja ya ile asidi na kuifunga hapo hapo.

Kwa anayetumia stabilaiza (kinga ya PVC dhidi ya kuungua) ya kalsiamu-zinki, msaada huu ni mkubwa. Zinki hulinda rangi vizuri mwanzoni, lakini kadiri inavyokula asidi inageuka kuwa zinki kloraidi, na hiyo yenyewe ni mchomaji wa PVC. Fundi huona mali nyeupe, nyeupe, nyeupe, halafu ghafla nyeusi tii bila kupitia manjano. Mafuta ya epoksi huipunguzia zinki mzigo wa asidi, na ile siku ya weusi inasogezwa mbele. Umeme ukikatika ekstruda, ile mashine ya kusukuma plastiki, ikiwa imejaa, dakika hizo chache za ziada ndizo zinazoamua kama utasukuma mali itoke au utafungua skrubu na kukwangua mkaa kwa patasi ya shaba.

Kazi ya pili ni kulainisha, na hapa ni msaidizi tu. Molekuli yake ina uzito wa karibu 1,000, wakati ya DOP ni 390. Uzito huo una faida: haivukizwi kirahisi na joto, wala haifyonzwi kirahisi na sabuni na grisi. Hasara ni kwamba inajipenyeza kwa shida kati ya minyororo ya PVC. Ili upate ulaini ule ule wa DOP unahitaji karibu asilimia 10 zaidi. Kwa hiyo ukiongeza kilo 4 za epoksi, punguza kilainishi kikuu kwa kilo 3 na nusu, usipunguze nne.

Karatasi ya vipimo, na mizani

Muuzaji makini anakupa karatasi ya vipimo vya kundi hilo la uzalishaji. Soma mistari mitatu, mingine acha. Oksijeni ya oksirani, yaani wingi wa zile pete, iwe 6.5% au zaidi. Namba ya ayodini, yaani wingi wa viungo maradufu (mahali pete hutengenezwa) ambavyo bado havijageuzwa, iwe ndogo, 2 au 3. Namba ya asidi isizidi 0.5. Mbili za kwanza zisomwe pamoja. Oksirani ikiwa chini na ayodini ikiwa juu, mafuta hayakuiva: viungo maradufu vingi bado havijageuzwa, na hivyo havipatani na PVC, halafu vinaoza kama mafuta ya kupikia yaliyokaa. Oksirani ikiwa chini na ayodini nayo chini, yameiva kupita kiasi: pete zilitengenezwa kisha zikafunguka zenyewe kiwandani. Mafuta ya aina hii ya pili huwa mazito kuliko kawaida, na ndiyo yanayodanganya watu, kwa sababu ayodini inaonekana safi kabisa.

Maabara ya kemia yenye bureti inaweza kupima oksirani. Pima gramu 0.4 za mafuta, yayeyushe, kisha shusha asidi ya haidrobromiki ya 0.1 N iliyo ndani ya asidi ya asetiki, kwa kielelezo cha kristo vayoleti, hadi rangi igeuke kijani cha samawati. Mafuta yenye 6.6% yatakula mililita 16.5. Asidi hiyo hupoteza nguvu kila chupa inapofunguliwa, kwa hiyo ipimwe upya siku ile ile, la sivyo utayapa mafuta sifa yasiyostahili. Inanuka vibaya na inakula pua. Fanya karibu na dirisha.

Wengi hawana bureti. Wana mizani, na mizani inatosha kukamata wizi wa kawaida, ule wa kuchanganya na mafuta ya alizeti au ya soya ya kawaida. Chukua chupa, weka alama, jaza maji hadi alama iwe gramu 500. Mwaga, kausha kabisa, jaza mafuta hadi alama ile ile. Mafuta ya epoksi yatatoa kama gramu 495 hadi 498. Mafuta ya kupikia yatatoa 460. Ukipata 478, nusu ya dumu ni ya kukaangia. Pima vyote viwili kwa joto moja, usipime maji asubuhi na mafuta mchana.

Mjanja zaidi ataongeza parafini yenye klorini, ambayo ni nzito, na kwa karibu robo yake uzito unarudi pale pale. Hapo tumia waya wa shaba. Uchome kwenye moto wa gesi hadi moto usiwe na rangi, uache upoe, uchovye kwenye mafuta, urudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani kibichi, kuna klorini, na mafuta ya epoksi safi hayana. Ila kuna mtego: vumbi la PVC nalo linatoa kijani hicho hicho. Kipimo hiki kifanyike mbali na mixa, kwa mikono iliyonawa, na moshi wake usiuvute.

Kuchanganya

Kwa mpira laini wa kumwagilia, mchanganyiko unaofanya kazi ni huu: unga wa PVC wa K-70 (namba inayoonyesha urefu wa minyororo) kilo 100, DOTP kilo 50, mafuta ya epoksi kilo 4, stabilaiza ya kalsiamu-zinki kilo 2 au kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wake, chaki ya kusagwa kilo 25, asidi ya steariki gramu 300. Mpira utakaolala juani uongezwe kaboni nyeusi kilo 1 hadi 2. Kandambili zinataka kilainishi zaidi, kilo 60 hadi 70, lakini epoksi inabaki pale pale.

Changanya kwanza epoksi na DOTP kwenye ndoo, vipate joto la nyuzi 50 hivi. Mixa ikiwa na PVC na stabilaiza, ikifika nyuzi 60 mimina polepole. Chaki ingoje hadi unga uwe umekunywa mafuta yote na kurudi kuwa mkavu, karibu nyuzi 85 hadi 90. Ukiharakisha chaki, yenyewe inanyonya mafuta kabla ya PVC, na mpira unatoka wenye vidonge vigumu ambavyo hakuna joto la ekstruda litakaloviyeyusha. Toa kwenye nyuzi 105 hadi 115, poza hadi chini ya 45 kabla ya kufunga kwenye mifuko. Mali ikifungwa ya moto hushikana mabonge.

Karakana isiyo na mixa ya moto inaweza kutumia ile ya mapanga ya polepole na kuacha mchanganyiko ulale usiku kucha ukiwa umefunikwa. Inafanya kazi, lakini epoksi hutiririka kwa shida mara kadhaa kuliko DOTP, na ikiwa baridi itabaki kama madoa. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa Dodoma ukishuka hadi nyuzi 13 au 14, pipa linaweza kuwa na ukungu mweupe chini. Hayajaharibika. Ni sehemu ya mafuta yenye asidi zilizoshiba inayoganda. Sogeza pipa juani tangu asubuhi, lizungushe, na usichote hadi yawe maangavu, maana ukichota ya juu tu, karakana nzima itafanya kazi wiki ya kwanza kwa mafuta tofauti na ya wiki ya mwisho.

Jasho

Hili ndilo lalamiko kubwa la wanaotumia mafuta haya, na mara nyingi kosa si la mafuta. Mpira unatoka mashineni mzuri, unang'aa. Unapelekwa kwenye shamba la zabibu Mpunguzi au Hombolo, hapa Dodoma. Baada ya miezi ya jua unaanza kunata. Vumbi linakaa juu yake kama unga kwenye kipande cha mkate uliopakwa siagi, ukiufuta kwa kitambaa linabaki tope jembamba la kahawia, na kesho limerudi. Mafundi husema mpira unatoa jasho.

Kisa ni kwamba jua na hewa hufungua zile pete, na mafuta yaliyopoteza pete hayapatani tena na PVC. Yanasukumwa nje. Kwa kilo 3 hadi 5 kwa mia, kiasi kinachotoka ni kidogo mno kuonekana. Ukifika 10 unacheza na moto. Aliyeambiwa aweke 25 ili apunguze DOP atauza mipira hiyo kwa msimu mmoja, kisha ataikuta imerudishwa dukani.

Kabla ya kuuza, fanya kipimo cha mkunjo. Kata kipande chembamba cha mpira, kikunje hadi ncha zikutane, zifunge kwa uzi, acha siku moja, kisha siku saba. Fungua, pitisha karatasi ya sigara ndani ya mkunjo, pale plastiki ilipobanwa. Karatasi ikipata doa la mafuta, mchanganyiko umezidi. Weka vipande vingine juu ya bati la paa kwa mwezi mzima, ufanye kipimo hicho hicho. Bati la Dodoma la saa nane mchana ni maabara ya bure na halina huruma.

Ukungu halisi, ule wa kijani, nao hupenda mafuta haya kuliko DOP, kwa kuwa asili yake ni chakula. Kwa ukavu wa huku si tatizo la kila siku, lakini mpira uliokunjwa ukiwa na maji na kufungiwa stoo utaota madoa.

Vyakula na watoto

Mafuta ya epoksi yanakubalika kwenye plastiki za chakula. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya yasizidi miligramu 60 zinazohamia kwenye kila kilo ya chakula, na miligramu 30 kwa gasketi za vifuniko vya chupa za chakula cha watoto wachanga, yakiwa na ayodini chini ya 6 na oksirani chini ya 8%. DOP kwa upande wake imewekewa kikomo cha asilimia 0.1 kwenye vitu vya kuchezea watoto huko huko Ulaya na Marekani. Kutia epoksi kwenye mchanganyiko wenye DOP hakuufanyi uwe salama kwa chakula. Ukitaka kuandika hivyo kwenye lebo, kilainishi kikuu nacho kibadilike, na stabilaiza isiwe ya risasi.

Mbona tusitumie alizeti?

Swali la haki kabisa, maana Singida na Dodoma ni nchi ya alizeti. Kikemia, kuyageuza mafuta yake kuwa epoksi kunawezekana bila ubishi. Daniel Swern na wenzake kwenye maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, Philadelphia, walishaonyesha njia tangu miaka ya 1940. Mafuta ya alizeti yenye namba ya ayodini 130 yana uwezo wa kufika oksirani 7.6% kwa hesabu, na kwa vitendo 6 na ushee. Si mabaya kuliko soya.

Vikwazo vipo. Kwanza, alizeti si moja. Mbegu za oleiki nyingi zina ayodini kama 85, na kileleni zitatoa 5.1% tu. Hata mbegu ya kawaida, joto kali wakati punje zinajaa hupunguza linoleiki na kuongeza oleiki. Kwa hiyo ayodini ipimwe kila lori, si kila mwaka. Pili, mafuta ya mashine ndogo ya kukamua yana utomvu, nta ya maganda na asidi huru. Utomvu ukiingia kwenye tangi, siku ya kuosha utapata uji mweupe usiotengana na maji hata ukiusubiri hadi Ijumaa. Yasafishwe kwanza.

Kubwa kuliko yote ni joto. Kilo 100 za mafuta hayo zinataka kama kilo 52 za haidrojeni peroksaidi ya 50% na kilo 14 za asidi ya fomiki ya 85%, kwa nyuzi 60 hadi 65, saa nyingi. Kila moli ya viungo maradufu inayogeuzwa hutoa takriban kilojuli 230. Kwa tangi zima hiyo ni zaidi ya megajuli 115, joto la kuchemsha na kugeuza mvuke zaidi ya kilo 40 za maji. Peroksaidi huingizwa kidogo kidogo kwa saa 2 au 3, koili ya maji baridi ikifanya kazi na kikorogeo kisisimame. Kikorogeo kikisimama peroksaidi ikiendelea kuingia, inajikusanya upande wa maji. Kikiwashwa tena, vyote vinawaka kwa mkupuo. Kwa hiyo valvu ya peroksaidi iwe ya kujifunga umeme unapokatika, tangi liwe na tundu pana la kupumulia, na lisiwe la chuma cha kawaida, maana kutu huvunja peroksaidi na kutoa oksijeni. Chuma cha pua cha daraja la 316 au tangi lenye kioo ndani. Pipa la mafuta lililokatwa juu, hapana. Hata kwa majaribio, hapana. Na anayegusa peroksaidi ya nguvu hiyo avae miwani ya kinga, glovu na aproni, siyo miwani ya jua.

Kisha tenganisha maji, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo hadi asidi iishe, kausha kwa joto na vakyumu. Unyevu ukibaki utauona baadaye kama vipovu kwenye mpira.

Kwa karakana, basi, jibu ni kununua pipa. Kwa kiwanda chenye mhandisi wa michakato na maji ya kupoza ya uhakika, hesabu ifanywe kwa kilo: kilo moja ya mafuta yaliyosafishwa, nusu kilo ya peroksaidi, gramu 140 za fomiki, na moto wa kukaushia. Kinachoumiza kwenye hesabu hiyo ni mafuta yenyewe, kwa sababu nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje, na mlaji wa chapati yuko tayari kulipa.

Nyonyo, kwa upande wake, hailiwi na mtu, na huota yenyewe kando ya barabara. Mafuta yake hayahitaji epoksi, kwa sababu asilimia 85 hadi 90 ya asidi zake ni risinoleiki, ambayo tayari ina kundi la haidroksili. Hayo hayafai kwa PVC yakiwa mabichi, yatatoa jasho. Yanafaa kwa poliyurethani: gramu 100 za mafuta ya nyonyo yenye namba ya haidroksili 163 hufungana na kama gramu 39 hadi 41 za MDI (kigumushi cha poliyurethani) ya kawaida ya viwandani, na kupata mpira mgumu kiasi wa kuziba nyufa au kupaka sakafu. Yakaushwe kabla, nyuzi 100 hadi 110 chini ya vakyumu kwa saa moja au mbili. Tone la maji likikutana na MDI hutoa kabonidioksaidi, na sakafu inainuka kama andazi. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, na mwenye pumu asikaribie MDI.

Ukienda kununua pipa la epoksi, uliza bei kwa kilo. Dumu la lita 20 la mafuta safi lina kilo 19.8, anayekutajia bei ya lita na kukuandikia kilo 20 amekupunja gramu 200 kabla hujalifungua.